Ndoo ya Dagaa Tuliyoimwaga Ziwani

Bernadina alikwisha maliza sala ya chakula, lakini mkono wake bado ulikuwa umeshikilia sahani ya samaki.

"Mama, unatuachia au tusali tena?" Tess, mke wa mwanawe, alicheka, tumbo la miezi saba likigusa meza. "Mjukuu wako ananipiga mateke."

Mchana wa Ijumaa za Kwaresima nyumba ile ilikula wolai, samaki mkubwa wa macho ya kioo, wa ziwa la hapo nyuma. Tess alitengewa vipande vinene, tena si Ijumaa tu, mara tatu kwa wiki, mtoto apate nguvu.

Jumanne iliyopita, bwana wa idara ya samaki aliita mkutano ukumbini. Alisema wolai wa ziwa hili wana sumu ya zebaki nyingi kuliko wa maziwa jirani, wajawazito wasiwaguse wale wakubwa. Kwa nini hapa tu? Zamani kuna mtu alipandikiza dagaa wa kutoka Ziwa Kuu. Dagaa wale hula visamaki, wolai huwala dagaa, na kila anapoliwa mmoja sumu inapanda ngazi.

"Mjinga gani huyo?" aliropoka jirani yao, mzee Gerd. "Nioneshwe, nimpandikize na yeye!"

Watu wakaangua kicheko. Bernadina naye akacheka.

Ndoo ya dagaa hao aliimwaga yeye. Masika ile ya zamani mgongo wa Walt, marehemu mumewe, ulikuwa umekaza. Walikuwa wametoka kuchota dagaa waliopanda mtoni kutoka Ziwa Kuu, kwa nyavu za mkono, kama kila mtu, na ndoo moja ilibaki na wazima. "Mwaga, Berna, wolai wetu wanenepe." Na kweli walinenepa. Picha zao zimejaa ukuta wa duka la chambo.

Hilo angeweza kumwachia Mungu, maana hawakujua. Lakini Jumatano Tess alikuja, na Bernadina akampakulia huku anajua. Kumkataza kungemlazimu aanze kwa kukiri habari ya ndoo.

"Usile," alisema sasa.

"Kimeungua?"

Akamweleza: mkutano, dagaa, ndoo. Tess alisikiliza, uma umesimama hewani.

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na juzi nikaomba cha pili."

"Nikakupa."

Tess hakupandisha sauti. Alipiga simu kliniki, akazungumza na muuguzi, akaitikia mara mbili tatu. Kisha akaisukuma simu mezani hadi mbele ya mkwewe.

"Anauliza nimekula mara ngapi, na samaki wa ukubwa gani. Mwambie wewe. Mimi nilikuwa nakula tu."

Bernadina aliishika kwa mikono miwili.

"Mara tatu kwa wiki, tangu Novemba," alisema. "Wale wakubwa, dada. Namchagulia mimi."