Farasi Asiyechechemea

Jovithe alimleta farasi gereji siku ya Jumatatu asubuhi, akimvuta kwa kamba ya manila, na mafundi wote wa barabara yetu ya Buyenzi wakaacha walichokuwa wakifanya. Hawakuacha kitu kikubwa. Magari yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakisubiri mafuta, mengine tangu mwaka uliopita, na watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka Mutakura mpaka mjini. Pikapu ya Jovithe mwenyewe ilikuwa imekaa uani kwetu miezi saba. Zamani alibeba nayo magunia ya maharagwe na mchele kutoka soko la Jabe. Siku hizi alikuwa anakuja kuikalia tu, mlango wazi, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

"Anaitwa nani?" akauliza Valéry, fundi wa umeme.

"Mazutu."

"Mazutu, kama dizeli?"

"Ndiyo mazutu yenye niko nayo. Haina foleni."

Watu wakacheka. Valéry akazunguka nyuma ya farasi, akainama. "Sha, ekzosi nimeiona. Haitoi moshi."

"Alikuwa wa wazungu wanaorudi kwao," Jovithe akaeleza. "Nilimuangalia vizuri. Meno, macho. Nimemutembeza kwenda na kurudi mara kumi, hachechemei hata kidogo. Na mupole! Mupole kuliko bibi yangu. Gonga nyundo kwa sikio yake, anasimama tu."

Valéry akachukua nyundo, akaligonga pipa tupu lililokuwa karibu na kichwa cha farasi. Mazutu hakusogea. Wote wakasema amepata farasi mzuri.

Mimi nilikuwa nimetazama masikio. Hakuna lililogeuka.

Naitwa Atumani, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Mambo ya farasi sikuyasomea popote. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kutengeneza mageti mahali wanapofuga farasi, nikakaa huko miezi miwili, na kila nilipopumzika niliwatazama na kuwauliza watunzaji wao maswali. Baadaye niliendelea kusoma kwenye simu, kidogo kidogo, kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi. Nilichojua ni kwamba farasi huishi kwa kuogopa. Asiyeogopa pipa ana sababu. Lakini sababu zinaweza kuwa nyingi, na mtu mmoja akisema neno baya juu ya mnyama aliyenunuliwa jana, neno hilo haliondoki tena. Nikanyamaza.

"Fundi, ikate pikapu," Jovithe akaniambia. "Chukua ekseli ya nyuma na matairi yake, nitengenezee mukokoteni."

"Nikiikata haitarudi kuwa pikapu, Papa Gaël," nikasema, nikimwita kwa jina la mwanawe.

"Imeshaacha kuwa pikapu."

Nikaikata.

Kazi ilichukua siku nne, na siku zote nne Mazutu alifungwa kwenye ukuta wa ua, mbele ya macho yangu. Alisimama uso ukielekea ukutani. Jicho lilikuwa wazi lakini halikufuata mtu, na juu yake ngozi ilikuwa imekunjamana kama paji la mtu anayefikiri. Nzi walitua puani, asiwafukuze. Alikuwa anauma majani, anatafuna mara tatu, kisha anasimama na majani yakining'inia mdomoni kama aliyesahau. Nilipoinua macho kutoka kwenye kazi nilimwona ametanguliza mguu wa mbele wa kulia; nilipoinua tena, ametanguliza wa kushoto. Akitakiwa kugeuka, aligeuka polepole, kidogo kidogo, kama mzee ndani ya chumba chenye vyombo vingi.

Lakini kuchechemea, hapana. Siku ya tano akaondoka na mkokoteni.

Baada ya wiki moja Jovithe alirudi amekasirika. Mkononi alikuwa na kipande cha bomba la mpira.

"Muvivu," akasema. "Akifika kwa mawe anasimama. Nikimupiga anaenda hatua kumi, anasimama tena. Watu wa Jabe wananicheka. Mama Léoncie ananiambia maharagwe yake yatamea kabla ya kufika Mutakura. Angalia mukokoteni wako, Fundi, pengine uliukaza vibaya."

Niliukagua mkokoteni. Magurudumu yalizunguka vizuri. Nikamwomba aniachie farasi siku nne, kwa sababu gerejini hatugusi vitu viwili kwa mara moja. Ukibadilisha viwili na gari likawaka, hujui kipi kilikuwa kibovu.

Siku ya kwanza niliangalia mgongo na kifua. Nilibonyeza kwa vidole, kiganja kwa kiganja, pale mikanda inapokaa. Palikuwa na michubuko ya bomba la mpira, lakini hakushtuka zaidi ya kawaida. Siku ya pili niliangalia mdomo kwa tochi. Meno mawili yalikuwa na ncha, si ya kumzuia kutembea. Siku ya tatu nilimtembeza bila mkokoteni, na hatua zilikuwa zilezile fupi. Siku ya nne nilimpeleka kwenye mchanga wa mto Ntahangwa, na huko hatua zikarefuka. Nikamrudisha kwenye barabara ya mawe, zikafupika. Nikamgeuza kulia, kisha kushoto. Kila upande alifanya uso uleule.

Basi nikachukua koleo kubwa la gereji, nikalizungushia mpira wa tairi kwenye meno yake, nikaanza kuminya kwato ya mguu mmoja wa mbele, polepole, kutoka ncha kwenda nyuma. Mbele, kimya. Pembeni, kimya. Nilipofika nyuma, penye kisigino, Mazutu aliuchomoa mguu mikononi mwangu. Nikajaribu mguu wa pili. Akauchomoa palepale.

Nikamweleza Jovithe. Hakuamini.

"Kama anaumwa muguu angechechemea. Hata kuku anachechemea!"

"Sijui. Ndiyo maana nataka tumuite mutu anayejua."

Anayejua alikuwa Christa, muuguzi wa mifugo wa Mutakura, mwanamke wa maneno machache aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alitembea kutoka kwake, akafika na begi begani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Jovithe:

"Papa Gaël, ukiumwa na jino la kushoto, unatafuna wapi?"

"Kulia."

"Na ukiumwa yote mawili?"

Jovithe akaitazama miguu ya farasi, mmoja, kisha mwingine.

"Kuchechemea ni kukimbilia muguu muzima," Christa akasema. "Huyu hana kwa kukimbilia. Ngoja nitie ganzi muguu mumoja, muone."

Alinyoa manyoya kidogo juu ya kisigino cha kushoto, akadunga pande mbili. Tulisubiri dakika kumi. Mafundi walikuwa wamejaa uani. Nikaishika kamba, nikasema twende.

Mazutu akapiga hatua mbili, na ya tatu kichwa kikaruka juu. Kila alipokanyaga mguu wa kulia kichwa kiliruka, na mwili ukaangukia upande wa kushoto. Farasi ambaye hakuwahi kuchechemea alikuwa anachechemea vibaya kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumwona. Valéry, ambaye hana siku asiyotania, alisema tu, "Ee Mungu," akaenda kukaa.

Christa akadunga mguu wa kulia. Baada ya dakika kumi nyingine nilimtembeza, na sikuweza kumfuata. Aliinua shingo, akanyoosha hatua, akaanza kukimbia uani akinivuta. Masikio yalikwenda huku na huku. Mlango wa karakana jirani ulipobamizwa aliruka pembeni, karibu anikanyage. Kisha akasimama katikati ya ua na kulia kwa sauti kubwa, na watoto wa barabara nzima wakapanda ukuta kumwona. Zaidi ya wiki mbili zilikuwa zimepita tangu aje kwetu, na hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake.

Jovithe alimkumbatia shingoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mumemuponyesha."

"Apana," Christa akasema. "Hajapona. Hasikii tu. Ndani ya kwato, huku nyuma, kuna kimfupa kimeliwa, na kano inayopita hapo inachubuka kila siku. Anataka kupumuzika miezi kwenye udongo laini, na kwato zichongwe vizuri. Mukokoteni pengine asivute tena."

"Miezi?" Jovithe aliniangalia mimi, si yeye. "Na pikapu uliikata."

Christa akaenda bombani kunawa mikono. Jovithe alimpapasa farasi kwa muda, halafu akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, "Hii dawa inafanyaka masaa ngapi?"

"Mawili," nikasema. "Pengine zaidi kidogo."

"Na anadunga wapi hasa?"

Nikainama, nikamwonyesha kwa kidole. Nilikuwa nimefurahi. Siku nne za kutafuta, na nilikuwa nimepata, na hapa palikuwa na mtu anayetaka kuelewa. Nilimweleza hata jina la dawa, nililolisoma kwenye chupa ya Christa.

Aliondoka akiahidi kumpumzisha.

Siku kumi baadaye nilikuwa nimekwenda Jabe kutafuta bolti, na Mama Léoncie akaniita kutoka kwenye magunia yake. "Fundi Atumani! Mungu akubariki. Farasi wako sasa anakimbia kama pikipiki. Asubuhi hii ameshaenda Mutakura na kurudi."

Nilimkuta Jovithe nyuma ya soko, anapakia. Mazutu alikuwa ameinua kichwa, anatazama watu. Nikainama kwenye miguu yake. Juu ya kila kisigino manyoya yalikuwa yamenyolewa, na ngozi ilikuwa na alama za sindano nyingi, nyingine zimevimba, moja inatoa usaha.

"Papa Gaël."

"Najua unataka kusema nini."

"Nani anakudungia?"

"Mi mwenyewe. Dawa iko kwa kila famasi." Aliweka gunia chini. "Bon. We ndiye ulinifundisha kuangalia. Njoo tuangalie. Sikio hili, limelala? Jicho limekunjamana? Anakula, anafukuza nzi. Unaona uchungu wapi? Nionyeshe."

Niliutazama uso ule. Haukuwa na kitu. Ulikuwa uso wa farasi mzima.

"Haupo usoni," nikasema. "Uko chini. Kano itakatika."

"Lini?"

"Sijui."

"Unaona? Hujui. Lakini mi najua watoto watano wanakula leo."

"Nitairudishia pikapu ekseli. Bure. Nitachomelea upya."

"Na mafuta utayachomelea wapi?" Hakusema kwa ubaya. Alicheka kidogo, akapangusa uso kwa shati. "Unipe mpaka Jumamosi. Nimeahidi watu mizigo. Baada ya Jumamosi nitamupumuzisha, wallahi, kama ninyi munavyoapa."

Ilikuwa Jumanne. Niliona ni mtu mwenye mzigo mzito, na kwamba siku nne si nyingi. Nikampa mpaka Jumamosi, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nazo za kutoa.

Alhamisi asubuhi Valéry alikuja anakimbia. Nilikwenda naye mpaka njia ya kutoka Jabe, na nikaona watu wamesimama pande zote mbili wakipiga kelele, na katikati yao Mazutu anakuja, anavuta magunia kumi. Kwato ya mbele ya kulia ilikuwa imeinuka, ncha inatazama juu, na alikuwa anakanyaga kwa kisigino, kwa nyama. Masikio yalikuwa mbele. Alikuwa anatembea vizuri. Jovithe, aliyekaa juu ya magunia, hakuwa ameona. Alidhani watu wanamshangilia.

Nilisimama mbele ya farasi na mikono wazi. Akasimama, akanisukuma kifuani kwa paji lake.

Jovithe akashuka, akauona mguu, akakaa chini barabarani.

"Ulimdunga saa ngapi?" nikamuuliza.

"Muite Christa."

"Christa yuko Mutakura, atakuja kwa miguu. Ulimdunga saa ngapi, Jovithe?"

"Saa moja."

Nikatazama simu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi, na ganzi ilikuwa ya saa mbili.

Kando ya njia palikuwa na bucha la Mirindi, mtu wa Bukavu. Alikuwa ameshatoka mlangoni na alikuwa anatazama, mikono kwenye aproni. Alielewa kabla sijamwita, akarudi ndani kuchukua vifaa vyake.

"Ngojeni kidogo," Jovithe akasema. "Hajasikia kitu. Angalia, hajasikia kitu. Pengine Christa anaweza kuishona."

"Haishonwi."

"Dakika kumi tu, Atumani."

Sikio la kushoto la Mazutu lilikwenda nyuma, likarudi mbele, likaenda nyuma tena. Nilianza kufungua mikanda. Jovithe alinyanyuka akafungua ya upande wake, na tukamtoa farasi kwenye mkokoteni, hatua tatu mpaka kwenye majani ya kando. Mirindi aliuliza nani amshike kichwa. Nikamshika mimi. Jovithe aligeukia mkokoteni, akashika mbao zake kwa mikono miwili, na hakugeuka tena mpaka Mirindi aliposema basi.

Magunia yalikuwa ya watu. Valéry alibaki na Mirindi kumfunika farasi kwa turubai. Jovithe aliingia katikati ya mikono ya mkokoteni, pale farasi alipokuwa, akaanza kuvuta, nami nikasukuma kwa nyuma. Tulipumzika mara nyingi. Karibu na Mutakura, kwenye mlima, alisimama bila kugeuka na kuniuliza kama Mazutu alisikia uchungu.

Nilimwambia hapana. Sikuwa na hakika. Akainama tena, tukaendelea.