Lina Kristali na Wimbo wa Wala Kunde

Marehemu mume wangu, Zan Diarra, alinitukana kila asubuhi kwa miaka arobaini na mmoja. Akitoka kuswali, kabla hata hajauliza uji, alikuwa anasimama mlangoni mwa jiko na kusema, "Wewe Traore, mla kunde, leo umebakiza hata sufuria?" Nami namjibu kwamba akina Diarra hawakujua sufuria ni kitu gani mpaka sisi tulipowaazima. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Ukoo wake wa Diarra na wangu wa Traore ni watani tangu enzi za mababu, na mtani wako akikaa siku mbili bila kukutukana, unaanza kuuliza kama anaumwa.

Mjukuu wetu Tenin alikulia katikati ya matusi hayo. Alipokuwa na miaka minne alikuwa anamfuata babu yake nyuma, anashika tumbo, anavimbisha mashavu, anasema, "Traore, mla kunde." Sasa ana miaka ishirini na miwili, anaimba na kucheza, na mwaka huu ametoa albamu yake ya kwanza, nyimbo nane. Wimbo wa tatu ni matusi ya babu yake, ameyapanga moja baada ya jingine na kuyawekea ngoma. Mchezo wake ni hivi: unashika tumbo kwa mikono miwili, unavimbisha mashavu, kisha unarudi nyuma hatua tatu kama mtu aliyeshiba anayetafuta pa kukaa.

"Mke mwenza," aliniuliza siku aliponiimbia mara ya kwanza. Ndivyo tunavyoitana, maana babu yake alikuwa mume wetu sote wawili. "Hujakasirika?"

"Nikasirikie nini? Umesahau lile la farasi."

Akaliongeza la farasi, yule farasi wa Traore aliyekataa majani mpaka aletewe kunde.

Aliyemsimamia kurekodi anaitwa Zumana. Kijana mzuri, ila amezaliwa na kukulia Ufaransa, hapa Bamako ana miaka mitatu tu. Yeye ndiye aliyesema jina la Tenin Diarra ni la muuza mboga, halitauza albamu. Akamwita Lina Kristali. Kwenye picha ya jalada wakamvika nywele za bandia za rangi ya mahindi na miwani myeusi iliyomeza nusu ya uso. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mambo ya majalada siyajui. Niliangalia picha nikasema mtoto kapendeza. Wala sikuona kilichokosekana, na sijui nilikuwa na macho ya nini, kwa sababu katika mji huu mtu anaulizwa jina la ukoo kabla ya kuulizwa hali. Sisi tukatoa utani mitaani bila kusema mtani ni nani.

Albamu ilishika moto. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye simu za watu pale sokoni walikuwa hawapumziki. Nilikwenda harusi, nikamkuta bibi harusi anarudi nyuma hatua tatu na shela lake. Nilikwenda kliniki kupima presha, nesi akashika tumbo na kuvimbisha mashavu huku mashine bado imenibana mkono. Nyumbani Tenin alikuwa anaimba anapofua, anaimba anapochekecha unga, na mimi Traore nikawa naosha vyombo kwa mdundo wa kutukanwa.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha Jumatano moja fundi cherehani mmoja wa ukoo wa Traore akapiga simu redioni.

"Naomba kuuliza," alisema, kwa upole kabisa. "Huyu Lina Kristali ni wa ukoo gani?"

Mtangazaji akasema hajui, anasikia labda ametoka ng'ambo.

"Kama ni Diarra, nitacheka. Kama si Diarra, katutukana."

Kuanzia hapo simu hazikukatika, na wote waliopiga walikuwa Traore. Alhamisi asubuhi Mzee Nfali Traore akaufunga ukumbi wa mtaa wetu, ule ambao Tenin alitakiwa kuzindulia albamu yake Jumapili saa kumi. Mzee Nfali alikuwa mkuu wa stesheni mpaka alipostaafu, na ufunguo wa ukumbi anautunza yeye. Alisema mgeni hatawatukania watu ndani ya nyumba yao wenyewe, akautia ufunguo kwenye mfuko wa kanzu.

Tenin alilia siku nzima. Watu walishaalikwa, redio tatu zilishatangaza, na ukumbi mwingine wa kutosha haukuwepo.

"Wataniita mtu wa wimbo mmoja, tena wa matusi," alisema. "Zile nyimbo saba nyingine hakuna atakayezisikia."

Ijumaa, Zumana akachukua kola kumi safi, zile kokwa chungu za kumwendea mzee kwa heshima, na barua iliyopigwa chapa, akaenda kwa Mzee Nfali bila kuniambia. Alirudi adhuhuri mabega yamemshuka.

"Bibi, nimeomba msamaha mara tatu," alisema. "Hata sijui nimekosea wapi."

Nikaweka mwiko chini. "Umeomba nini?"

"Msamaha."

"Hukumwambia kama mtoto ni Diarra?"

"Nilimwambia. Akacheka. Akasema, Diarra gani anamwomba Traore msamaha? Akasema jina hilo amejibandika jana."

Nilikaa kwanza. Zumana akanitazama kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

"Mwanangu," nilimwambia, "alikuwa na shaka, wewe umempa hakika. Mtani haombwi msamaha. Kesho usiguse kitu. Tuendeshee gari tu."

Jumamosi asubuhi nikamvua Tenin zile nywele za mahindi na miwani, nikamfunga kilemba cha kawaida.

"Nikifika niseme nini?" aliuliza.

"Alichokuwa anasema babu yako."

"Mbele ya wazee? Bila ngoma?"

"Babu yako alikuwa na ngoma jikoni kwangu?"

Tulimkuta Mzee Nfali uani kwake, chini ya kipaa cha mabati, na wazee wenzake wawili. Birika dogo lilikuwa linachemka juu ya makaa. Tenin, mtoto anayeruka jukwaani mbele ya watu elfu, akaingia uani akapiga magoti.

"Shikamoo, baba," alisema, sauti haifiki.

Mzee Nfali akawageukia wenzake. "Mnaona? Anapiga magoti. Diarra huyo." Kisha akanitazama. "Na wewe mama ni nani?"

"Nyele Traore."

"Ala, dada yangu. Kumbe wewe ndiye unayemleta mgeni anitukane kwangu?"

"Nimemsindikiza tu. Mimi nimekuja kunywa chai."

Nikapewa kiti. Sikusema zaidi, maana ningefungua kinywa ningekuwa Traore anayebembeleza Traore mwenzake, na hilo lisingemsaidia mtoto. Nikanywa kikombe cha kwanza, maana chai yetu huja mara tatu, na ya kwanza ndiyo chungu. Tenin alikuwa ameinuka, amesimama anakunja ncha ya kitenge. Nikanywa cha pili. Wazee wakaongea habari za bei ya saruji. Zumana alikuwa anachungulia getini, nikamwashiria kwa jicho arudi kwenye gari.

Ndipo Mzee Nfali akapeleka mkono chini ya kiti chake. Palikuwa na bakuli limefunikwa kwa kofia. Akainua kofia kidogo, akachomoa bagia, akaitia mdomoni haraka.

Tenin aliona. Nikauona mdomo wake unapinda upande mmoja, kama wa Zan.

"Mzee," alisema, "hiyo ni bagia ya nini?"

"Ya ngano."

"Ngano gani hiyo inanukia kunde mpaka getini?"

Mzee mmoja akapaliwa na chai. Mzee Nfali akatafuna polepole, uso mkavu.

"Sasa nimeelewa kwa nini ukumbi umefungwa," Tenin akaendelea, na sauti sasa ilikuwa imefika. "Umejaza magunia humo ndani, unaogopa watu wakija kucheza watayakanyaga."

"Mtoto, nani kakufundisha kukosa adabu?"

"Zan Diarra. Yule ambaye babu yake alimwokota babu yako njiani, akamlea kwa huruma." Akalivuta bakuli, akaketi kwenye mkeka, akaanza kula. "Nakusaidia tu. Hivi stesheni ulistaafu, au treni ndiyo ilikataa kulibeba hilo tumbo?"

Wazee wawili walikuwa wanafuta machozi. Mzee Nfali alijitahidi sana. Mashavu yalimtetemeka, akatazama juu kwenye mabati, lakini bagia ya nne ilipoondoka uzalendo ukamshinda, akaangua kicheko.

"Rudisha bakuli langu, Diarra," alisema. "Nyinyi ukoo mzima ni wezi."

Akatoa ufunguo, ila hakuuachia. "Mmetutukana miezi miwili. Kesho nami napanda jukwaani kujibu. Dakika mbili."

"Chukua tatu. Nyinyi mkishiba mnaongea polepole."

Kwenye gari Zumana aliuliza kama mzee ametusamehe. Nikamwambia neno hilo alirudishe Ufaransa.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Akina Traore walijipanga kushoto, akina Diarra kulia. Mimi niliitwa pande zote mbili, nikaketi mbele katikati. Tenin akatoka na nywele zake za mahindi, akasubiri kelele zitulie, akazivua.

"Mimi ni Tenin Diarra," alisema. "Baba Diarra, babu Diarra. Nyinyi wa kushoto, mmekula nini mchana?"

Sijawahi kusikia watu wakifurahia kutukanwa namna ile.

Mzee Nfali akapanda baada ya wimbo wa kwanza. Dakika zake tatu zikafika kumi, zikafika ishirini. Alimtukana Diarra wa kwanza mpaka wa mwisho, akasifiwa, akaanza upya. Zumana akaniinamia sikioni. "Bibi, mwambie ateremke. Bado nyimbo saba."

"Mimi ni Traore. Naona anasema kweli."

Tenin hakumbembeleza. Alimzunguka akicheza, ameshika tumbo, na ngoma ikaanza kumfuata, mpaka mzee mwenyewe miguu ikamsaliti. Akarudi nyuma hatua tatu, akavimbisha mashavu, pumzi ikamwishia. Tenin akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Mzee akakificha mgongoni.

"Diarra simpi," alisema, anahema. "Nampa dada yangu."

Akainama akaniwekea mapajani. Kushoto wananitazama, kulia wananitazama. Nikasimama na kile kipaza sauti, kizito kuliko nilivyodhani.

"Tenin," nilisema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kila kona. "Chukua uimbe. Vyombo vya jana vinakungoja nyumbani."

Akachukua. Nyimbo zote nane akaziimba, na ule wa tatu akaurudia mara nne, kwa sababu upande wa kushoto walikataa kutoka.