Mbwa Aliyenyimwa Jua

Kuna watu ukiwapa mbwa watakushukuru mpaka utaona haya, kumbe shimo la kumfukia wamekwisha kulichimba. Twalibu wa Kibondo, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku alipokuja Kasulu kumchukua Soksi dukani kwa Yasmini, alimsifu mbwa, akamsifu mwenye mbwa, akamwombea dua marehemu mume wa mwenye mbwa. Alipoulizwa kama amewahi kufuga, akaapa kwa Mungu kwamba huyu ndiye wa kwanza. Yasmini, mama yake Shadia, mjane muuza vitenge ambaye wafanyabiashara wa mpakani walishindwa kumpiga chenga, siku hiyo alipigwa chenga mchana kweupe.

Soksi alitoka Manyovu. Mwaka ule wa 2015 Warundi walikuwa wanavuka mpaka na walivyoweza kubeba, na mbwa wao wakiwafuata kwa miguu. Mabasi ya kwenda kambini yalichukua watu, mbwa hayakuwachukua. Yasmini alikuwa amefuata vitenge vyake, akamwona mbwa mwekundu mwenye miguu myeupe ameketi palepale basi lilipoondokea, macho barabarani, na vijana wa malori wanamrushia mawe kwa kujifurahisha tu. Akawatukana wale vijana kwanza. Kisha akamwita mbwa kwa Kirundi chake cha sokoni, "Ngwino," na mbwa akaja. Akampandisha kwenye pikapu ya kaka yake Mansuri, ambaye alilalamika njia nzima mpaka Kasulu.

Hakuwa wa kwanza kuokotwa. Uani kwa Yasmini mbwa wa kutupwa hawakukauka. Aliwalisha dona na mabaki ya buchani mpaka wakanawiri, ndipo akawatafutia watu wa kukaa nao. Majirani walimsema sana. Mwislamu gani anashinda na mbwa? Yeye aliweka mlangoni ndoo ya maji na beseni la udongo safi. Mbwa akimlamba, anaosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, kisha anaingia ndani kuswali, na anayetaka kusema aseme. Sharti lake kwa mwenye kuchukua mbwa lilikuwa moja tu: nitakuja kumwona siku nitakayotaka, tena bila taarifa.

Basi Septemba ya mwaka huohuo, Soksi akiwa tayari kwa Twalibu, Mansuri alikuwa anapeleka saruji Kibondo, naye akajipakia. Mashineni alikuta foleni ya wanawake na ndoo zao za mahindi, wakasalimiana. Twalibu akatoka ndani, nyusi nyeupe kwa unga, meno yote nje.

"Karibu, Mama Shadia. Ungenipigia simu tukakupikia chai."

"Chai nimekunywa, Bwana Twalibu. Soksi yuko wapi?"

"Yupo. Yumo mafunzoni."

Mafunzo yenyewe yalikuwa nyuma ya mashine: banda la mabati chakavu lisilofika kiunoni, halina dirisha wala tundu la maana, mlango umetiwa kufuli. Jua lilikuwa linapiga bati hilo tangu asubuhi. Yasmini akaweka kiganja juu yake na kukiondoa haraka.

"Humu?"

"Humohumo. Mbwa akiona watu mchana anawazoea, na akishawazoea atamkamata mwizi gani? Huyu haoni mtu, haoni jua. Anatoka usiku tu. Na kwenye ugali wake natia pilipili kichaa, siku nyingine na nyigu, wakipatikana. We njoo mwezi ujao, utamkimbia mwenyewe."

Aliyasema hayo kwa fahari, kama mzazi anayesimulia mwanawe alivyofaulu. Na hakuyazua yeye. Nenda nyumba yoyote yenye geti utaambiwa dawa ya mbwa mkali ni giza na pilipili, na watakaokuambia ni watu wazima wenye akili zao, wanaojua kabisa kwamba mtu ukimfungia gizani na kumuunguza tumbo hawi mlinzi, anakuwa kichaa. Ila kwa mbwa akili hiyo wanaiweka pembeni.

"Fungua," Yasmini alisema. "Naondoka naye."

"Unaondoka naye vipi na ulinipa kwa mkono wako? Huyu sasa ni wangu. Tena ni mbwa tu, Mama Shadia, usitutie aibu mbele ya watu."

Watu wenyewe walikuwa wameshasogea. Mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Josepha, alitua ndoo yake chini.

"Mwambie na wa kwanza, baba," akasema.

Yasmini akageuka. "Wa kwanza yupi?"

"Yule mweusi. Si alikaa humohumo? Akawa mkali kweli, akamwuma mtoto wao hapa shavuni. Wakampiga na mchi hadi akafa. Sie tulikuwepo, tulisikia anavyolia."

Hapo Yasmini alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuijua, hata siku ndugu wa marehemu mumewe walipokuja kugombea duka. Alijikasirikia kwa kuamini dua ya mtu. Alimkasirikia zaidi huyu aliyesimama mbele yake akijipangusa unga, ambaye alishaona mwisho wa mchezo huu kwenye uso wa mwanawe na bado akasafiri hadi Kasulu kutafuta mbwa mwingine wa kuuanza upya.

"Uliniapia, Bwana Twalibu."

"Nilisahau."

"Mwanao aliumwa shavuni, ukasahau?"

Twalibu alitazama wateja wake, wateja wakamtazama, na hakuna aliyerudi kwenye foleni. Akachomoa ufunguo mfukoni akautupa chini miguuni mwa Yasmini.

"Haya, fungua. Akikurarua usimlilie mtu."

Yasmini akaokota, akafungua. Joto na harufu ya mkojo vikampiga usoni. Kule ndani mngurumo ukaanza, wa chini chini, na wanawake wakarudi nyuma.

"Ngwino," aliita. "Soksi, ngwino."

Hakuja. Mbwa aliyemjia Manyovu katikati ya mawe, leo mlango uko wazi na haji. Yasmini akapiga magoti, akakunja baibui, akaingia kwa kutambaa. Kaka yake alimwita jina lake kwa nguvu, hakugeuka. Soksi alikuwa amejibana pembeni, meno nje, anatetemeka mwili mzima. Aliponyooshewa mkono aliukamata kwa meno, akautoboa, kisha akauachia na kujikojolea. Ukali aliokuwa anajivunia Twalibu ndio huo. Yasmini akamkumbatia hivyo hivyo na damu yake na mkojo, akatoka naye kinyumenyume.

Nje, Twalibu alikuwa amejikusanya upya.

"Tazama ulivyojitia najisi, dada yangu. Na adhuhuri hiyo inaingia. Utaswali vipi?"

Yasmini akamkabidhi Mansuri mbwa. Akaomba maji na udongo, na Josepha ndiye aliyeleta na kumwagia. Aliosha pale pale mlangoni pa mashine, mara saba, bila haraka, moja kwa udongo, jeraha likimchoma kila mara, na muda wote huo hakuna aliyesaga. Alipomaliza alikung'uta mikono.

"Mimi nimeshatakasika, Bwana Twalibu. Udongo wa kukuosha wewe, Kibondo hakuna."

Josepha akainua ndoo yake ya mahindi ambayo haijasagwa, akajitwika, akaondoka. Mwingine akamfuata. Yasmini hakungoja kuona wa tatu, maana ilimbidi kutafuta sindano ya kichaa cha mbwa na hasira yake haikuwa imepoa, wala hakutaka ipoe.

Kwenye pikapu Mansuri alikuwa ametandika mifuko mitupu ya saruji, na safari hii hakulalamika. Soksi alilala juu ya mifuko hiyo amefumba macho kabisa, amegeuzia uso kwenye bodi. Yasmini alidhani anaogopa watu, mpaka alipoona machozi yanavyomtoka kila akijaribu kufumbua. Akavua mtandio wake, akamfunika uso, ili jua limrudie kidogo kidogo.