Kungu Kwenye Kiyoyozi

Baba yangu, mzee Mansuetus, mpaka leo hajaelewa nilichokwenda kusomea. "Yaani Litembo hii tunavyotetemeka, mwanangu ukajifunze kuosha mashine za kuleta baridi?" Nikamweleza kwamba mashine hiyohiyo ukiigeuza inatoa joto. Akajifunika koti lake vizuri, akaniuliza kama mwalimu wetu ni mlevi. Kusema kweli hata mimi nilikuwa sielewi sawasawa. Lakini hoteli moja ya Songea iliahidi kuniajiri nikipeleka cheti, na cheti nilikuwa nimeshakikosa mara moja. Mwalimu Swalehe alituambia wazi kwamba anayerudia mtihani harudii tena. Nikifeli, narudi kupalilia kahawa. Sina ugomvi na kahawa, ila mgongo wangu unao.

Mtihani wa vitendo ulifanyika Mbamba Bay, kwenye nyumba ya wageni inayotazama ziwa. Huko joto si la mchezo, kila chumba kina kiyoyozi. Nilitakiwa kuosha chujio la ndani, kisha nihamie mashine ya nje, ile yenye feni. Hiyo unaipulizia dawa ya povu kwenye mabati membamba ya mgongoni, halafu unaisuuza kwa maji mengi. Unaiwasha, inafanya kazi usiku kucha, na asubuhi mwalimu anakuja kukagua. Kwenye kusuuza Swalehe hakuwa na masihara hata kidogo. Dawa ile ni sumu, alisema, na atakayeiacha hafaulu hata akilia.

Nilipuliza dawa. Nikafungua bomba nianze kusuuza, maji yakakatika. Nikakimbilia ziwani na ndoo, nikarudi nayo imejaa, na hapo ndipo kichwa changu kinapogoma. Mwalimu aliniita nikamshikie ngazi upande wa pili wa nyumba. Je, niliimwaga ile ndoo kwanza, au niliitua chini nikaenda? Niliporudi mashine ilikuwa inachuruzika na povu silioni, ila povu huyeyuka hata lenyewe, na ndoo nayo haipo, watu wa jikoni wameshaibeba. Nikasema moyoni, bila shaka nilisuuza, nani angeacha? Nikafunga mfuniko, nikawasha.

Asubuhi nilikwenda kuitazama mashine yangu nikadhani naota. Mgongo wote ulikuwa mweusi, umegandiwa na kitu kizito chenye shombo. Nikapandwa na hasira. Nani kanipaka tope? Nikamfuata mwenzangu Hyasinti, bado ana mswaki mdomoni, nikamwambia maneno ambayo kanisani yasingefaa. Akaapa hajui lolote. Naye ni wa Kigonsera, huko tope wanalijua, na hili alikiri hajawahi kuliona. Tukabaki tunalinusa kama watu wasio na akili.

Ndipo akatokea Mama Halima, mpishi wa pale, ana sufuria na kijiko kikubwa, anacheka peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zimekuja! Usizimwagie maji, tafadhali."

"Nini kimekuja?"

Alinishangaa. "Kungu. Watu wa milimani jamani! Wadudu wa ziwani hawa, wanatokea kule majini kama wingu, tunawakanda kama mikate tunakula. Wengine wanahangaika kuwakamata kwa vikapu. Mimi naacha feni iwavute."

Nikatazama vizuri. Kweli, lilikuwa rundo la wadudu wadogo mno, maelfu kwa maelfu. Sikujua nicheke au nilie. Halima alikuwa ameshaanza kukwangua, na kila alipokwangua mabati yangu yalionekana yanang'aa, nami nikafurahi kwamba ananisafishia kabla ya mwalimu.

"Mama yangu nimemleta toka Lipingo, anaumwa," alisema. "Yupo chumba cha nyuma. Kila chakula anakataa, anataka kungu tu. Leo atakula."

Sufuria ilipojaa, Swalehe akafika. Alipitisha kidole kwenye mabati, akaridhika, akauliza lile swali lake.

"Vitalia, jana ulisuuza?"

"Ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Songea, mshahara, mgongo wangu, vyote vilikuwa ndani ya neno hilo moja. Macho yangu yakaenda kwenye sufuria. Nikaogopa, nikaogopa kwelikweli.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui?"

"Kuchota maji nakumbuka. Kumwaga sikumbuki." Nikamgeukia Halima. "Mama, usimpe bibi. Kuna sumu pale, na sijui kama niliitoa."

Halima alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la taka akaigeuza sufuria, akaikung'uta, kisha akafukia kwa mguu. Swalehe akaleta jagi la maji na beseni jeupe, akayamwaga maji polepole juu ya mabati huku akiyakinga chini. Akayachezea kwa vidole. Akanusa. Akarudia tena upande wa pili, nami nikainama kando yake natafuta povu.

Maji yalikuwa safi, hayana povu wala harufu ya dawa.

"Ulisuuza," alisema. "Tena vizuri. Umefaulu, hongera."

Alinipa mkono, nikaupokea. Hyasinti alipiga makofi. Nilitaka kufurahi na sikujua nianzie wapi. Nikatazama ziwani, kule ambako Halima alisema wingu la kungu linatokea. Lilikuwa limeshahamia mbali, upande wa Malawi, mithili ya moshi wa mtu anayechoma shamba.

Mama Halima alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na sufuria yake tupu. Alisikia yote. Nikamwendea, nikamwambia anisamehe.

"Kumbe ulisuuza, mwanangu," alisema.

Kutoka ndani sauti ya kizee ikauliza kama kungu zimeiva. Halima akabaki ameshika kitasa, haingii.