Pigo Moja la Matoazi

Nitegulie hiki, mwenzangu: hukaa kimya saa nzima, kisha husema neno moja tu, ukumbi mzima ukashtuka. Umeshindwa? Ni matoazi, na mpigaji wake ni mwanangu.

Tangu afiwe na mkewe hakutoa chozi. Asubuhi mjukuu wangu alimuuliza mezani, "Baba, kwani wewe humkumbuki mama?" Baba mtu akanywa chai tu.

Jioni okestra ikapiga muziki uliotungwa kutokana na shairi alilolipenda marehemu. Zamu ya mwanangu ikafika. Akasimama, matoazi mikononi, asipige. Mwongozaji akamkodolea macho, muziki ukampita.

Nje nikamtania, "Pigo moja tu, nalo limekushinda, bwana mkubwa?"

Hakucheka. Akamwinamia binti yake, aliyesimama kando yangu.

"Namkumbuka, mwanangu. Mpaka nikasahau kupiga."