Ildefonsa na Mkwe Wake Chini ya Pikapu

Pikapu ya Ildefonsa ilikuwa na jina Kanazi nzima. Magari ya wanaume yalikuwa yanalala kwa mafundi, la kwake linapanda milima na shehena ya ndizi. Hata oili ya gia alibadilisha mwenyewe, hapo hapo uani, tena mchana kweupe ili majirani waone. Afiche ya nini?

Wiki hiyo mambo yakamwendea kombo. Aliteleza kwenye migomba akaumia bega. Kuendesha aliweza, kukaza spana hakuweza. Na gia ya tatu nayo ikaanza kukwaruza kila akiiingiza, dalili kwamba oili imechoka. Kesho yake alikuwa ampeleke binti yake Clotilda hospitali kujifungua. Alishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe hapandi bodaboda na tumbo lile, atampeleka yeye.

Mwanaume pekee pale nyumbani alikuwa Niyokwizera, mume wa Clotilda, aliyetoka kwao Nyarubungo kumsindikiza mkewe. Mtu wa kazi, hana neno. Lakini mkwe ni mkwe! Katika nyumba ile mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakaribiani, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Basi Clotilda akatandikiwa mkeka katikati.

"Mwambie mumeo achukue spana hii," alisema Ildefonsa, akaiweka chini na kurudi nyuma.

Niyokwizera akaiokota akitazama pembeni. "Mwambie mama nimeipata."

"Jamani, si mnasikiana!" Clotilda aliguna. Wenyewe wala hawakucheka.

Kijana akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Haikupita muda Clotilda akainuka kwenda chooni, na Ildefonsa akaona spana inakwenda kwenye nati ya chini. Mungu wangu! Anayeijua kazi hii huanza kulegeza nati ya juu, ya kujazia. Ukishamwaga oili halafu ya juu ikagoma, gari halina oili wala pa kuitilia.

Ildefonsa akakohoa. Niyokwizera, masikini, akadhani miguu yake imemkera mkwe, akaivuta ndani. Ildefonsa akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Akaita, "Clotilda! We Clotilda!" Clotilda hakutoka. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, adabu ikayazuia. Nati ikatoka, oili nyeusi ikamwagika yote kwenye beseni.

Na ya juu ikagoma kweli. Niyokwizera alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, spana inateleza tu. Clotilda aliporudi akatazama beseni, akamtazama mama yake.

"Mama, sasa kesho nitakwendaje?"

Hapo Ildefonsa akapandwa na hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Ameona kosa kwa macho yake akanyamaza, eti adabu. Adabu gani hiyo ya kumpandisha mwanawe bodaboda? Aliingia ndani, akatoka amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kitenge, mkononi ana kipande cha bomba. Akajitosa chini ya gari.

"Niyokwizera!" alimwita kwa jina, uso kwa uso. "Chomeka bomba kwenye mpini wa spana, halafu ishike isiteleze. Mimi nasukuma kwa mguu."

"Mama, lakini mimi..."

"Aibu tutaipeleka kwa padri Jumapili. Shika!"

Akasukuma kwa kisigino. Wapi! Akavuta pumzi, akasukuma tena huku akisonya, nati ikalia kwii, ikalegea. Wote wawili wakapiga kelele kwa furaha.

Jirani yao Secilia alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akainama, akaona miguu minne.

"Ildefonsa! Na mkwe wako kabisa?"

"Ndiyo, na mkwe wangu! Ulitaka nikaazime wako?"

Wakaifunga nati ya chini, wakatia oili mpya kwa mpira na faneli mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, wakalifunga nalo. Ildefonsa akalizungusha gari barabarani. Gia ya tatu ikaingia bila kelele, naye akapiga honi mbele ya nyumba ya Secilia, makusudi.

Asubuhi walifika hospitali mapema. Mlinzi wa getini, aliyeisikia pikapu ile ikikwaruza ilipopita juzi, akatega sikio.

"Shikamoo mama. Leo halikwaruzi! Umepata fundi wapi?"

"Marahaba. Fundi wa nini?" Ildefonsa alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka wodini. "Tumetengeneza nyumbani, mimi na mwanangu."

Niyokwizera alikuwa anashusha begi. Lilimponyoka.

"Liokote basi, baba," Ildefonsa akamwambia. "Mkeo asisimame juani."