Nenosiri la Blandine

Kobugabe alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kusahihisha. Miaka tisa ya kufundisha Kiswahili Kasese ilikuwa imemharibu kabisa. Hata akisoma kibao cha kinyozi, mkono ulitafuta kalamu nyekundu. Sasa alikuwa anasaka udaktari, kwa utafiti uliolinganisha sheria za kale za Wayahudi kuhusu vibarua na maisha ya Wakongo wanaovuka mpaka kuja kuvuna kahawa. Watu walimcheka, wacha wacheke. Mishna, kitabu cha sheria hizo, inasema kibarua ana haki ya kula tunda analolivuna, na kule Kyarumba kila msimu wenye mashamba hugombana na vibarua kwa ndizi moja iliyomenywa.

Vibarua arobaini na mmoja walimsimulia kila kitu, hata mabosi wanaowapiga makofi. Walitoa sharti moja: ufunguo wa maneno yao akae nao Blandine, mkalimani wake Mkongo kutoka Butembo, maana ndiye mwenzao. Ojok, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, akayafungia mahojiano yote kwa nenosiri alilolichagua Blandine peke yake.

"Ukikosea mara tano, inajifuta yote," alisema Ojok, ambaye Kiswahili alikirithi kwa baba yake askari. "Amri ni amri."

Siku ya mtihani ikafika. Watahini watatu walikuwa ukumbini Bwera wakimalizia chai, wakisubiri kuyaona mahojiano. Blandine alikuwa Butembo kwenye msiba wa shangazi yake. Alikuwa amewauliza vibarua, nao wakakubali nenosiri litajwe mara hii moja, mradi majina yafichwe. Mahojiano yakifutika, udaktari umekwenda na maji, na watu arobaini na mmoja watakuwa wamejianika bure.

Simu ilikwaruza. Blandine akatamka taratibu, "Mutu ya kazi iko na haki ya kukula."

Kobugabe akaandika: mtu wa kazi ana haki ya kula. Kompyuta ikakataa.

"Madamu, umeandika vile nimesema?"

"Vile vile."

Uongo mtupu, ila mwenyewe hakujua. Akajaribu tena: mtu wa kazi yuko na haki ya kula. Ikakataa. Mara ya tatu akaandika "kukula", akaona amejishusha vya kutosha. Ikakataa tena.

Ojok akachungulia begani pake. "Madamu, hii iko unaandika ni maneno ya nani?"

Kobugabe akauma meno, akaandika "mutu", akaandika "iko", akabonyeza. Ikakataa. Vidole, vidole hivi vya ualimu, vilikuwa vimeweka "wa" mahali pa "ya" bila kumwomba ruhusa.

Ikabaki mara moja. Ndipo alipoikumbuka sura ya nne ya tasnifu yake, akaona haya hadi masikioni. Kurasa sitini alikuwa ameandika juu ya kivuko cha Yordani, katika kitabu cha Waamuzi, ambako kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke "shibolethi". Aliyesema "sibolethi" alijulikana si wa upande ule, akachinjwa. Kurasa sitini za kuwasikitikia wale watu! Na leo kivukoni amesimama yeye.

"Blandine," akasema, "nitajie herufi mojamoja, tafadhali. Usiniamini hata kidogo."

Blandine akataja, Kobugabe akaandika kwa kidole kimoja, na Ojok akilinda kila herufi kama mfungwa. Kompyuta ikafunguka. Kobugabe akacheka huku machozi yanamtoka.

"Lakini Blandine, mbona ulichagua sentensi yenye makosa?"

"Haina makosa, Madamu. Batu ya kazi baliniuliza, 'Na Madamu mwenyewe akitaka kufungua bila sisi?' Nikabaambia, mutulie, hataweza. Atasahihisha kwanza."

Kobugabe alishukuru, akakata simu, akabeba kompyuta ukumbini. Maneno ya kibarua wa kwanza yalipotokea ukutani, yakianza na "mutu", mtahini mkuu alikunja uso, akafungua kalamu yake nyekundu.

"Samahani, mzee," Kobugabe akamwambia, "weka kalamu chini. Ndivyo alivyosema."